Mami Hataki Picha ya Programu

Keti hapo karibu na dirisha, usijifiche kwenye kona. Nataka mwanga ukufikie usoni ninapokusimulia jambo hili. Nisamehe, hayo ni mazoea ya watu wa kamera, nami nimeyarudia baada ya kuyaacha kwa miaka tisa.

Nitakueleza polepole, maana sijui kueleza kwa namna nyingine. Nilifanya kazi miaka mingi katika chumba cha mafaili, kwenye ofisi moja ya bima huko Upper Hill, na wenzangu walikuwa na utani wao juu yangu: "Ukimwuliza huyu choo kiko wapi, ataanza kukueleza maji ya Nairobi yanatoka mto gani." Walicheka, lakini kila alipoajiriwa mtu mpya asiyejua fomu ipi inakwenda wapi, walimleta mezani kwangu.

Nilipostaafu nilijikuta nyumbani kwangu, mtaa wa Satellite, nikiwa na wakati mwingi. Siku moja nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa, nikavuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Chini kabisa, ndani ya sweta ya zamani ya shule ya binti yangu, palikuwa na kitu kizito. Mkono uliking'amua kabla ya macho. Vidole vilijipanga vyenyewe: cha shahada juu ya kitufe, gumba nyuma, kiganja cha kushoto chini ya lenzi. Ilikuwa kamera yangu.

Mapenzi yangu ya picha ni ya tangu utotoni. Nilizaliwa Kangemi, kwenye shamba la babu, kabla shamba hilo halijageuka kuwa vyumba vya kupangisha. Kila Jumapili baada ya kanisa alipita mpiga picha mmoja wa kutembea, kamera shingoni na kitana mfukoni kwa wateja waliotaka kujitengeneza. Watoto wengine walimsumbua awapige picha. Mimi nilimsumbua aniruhusu nichungulie. Siku aliponiruhusu, niliweka jicho kwenye kile kitundu nikamwona mama yangu ndani ya mraba mdogo, ameshika kitabu cha nyimbo, na vurugu yote ya barabara imebaki nje. Nilishikwa siku hiyo.

Kamera ya dijitali nilikuja kuinunua nikiwa mtu mzima, wakati simu za watu wengi zilikuwa bado za vitufe na tochi. Uzuri wake ni kwamba haina filamu ya kukuogopesha. Unapiga, unatazama kioo cha nyuma, unaona umekosea, unapiga tena. Kwa mtu anayejifunza, huyo ni mwalimu asiyechoka na asiyekusengenya kwa majirani.

Msaidizi wangu alikuwa baba. Alikuwa fundi wa mawe, amestaafu, na kila Jumamosi alivaa kofia yake ya ukingo uliopinda upande mmoja, akachukua mwavuli mweupe, tukatoka. Huenda unajiuliza mwavuli ulikuwa wa nini siku za jua. Jua la saa sita humwagika kutoka juu, na uso wa mtu hubaki na mashimo meusi mahali pa macho. Ukiweka kitu cheupe chembamba kati ya jua na uso, mwanga hupita kwake ukiwa umepoa, kama uji uliochujwa. Kazi ya kuushikilia ilikuwa yake. "Niko sawa hapa? Niko ndani?" angeuliza, nami ningemwambia, "Rudi nyuma kidogo, baba. Bado. Bado. Hapo hapo." Tulipiga mijakaranda ikimwaga maua, tukapiga maharusi bustanini, watoto wa jirani, hata makorongo waliokaa juu ya miti wakiwaza mambo yao. Mama hakuwa pamoja nasi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku kuu ya soko na kabichi hazijiuzi.

Kisha baba akatutoka. Jioni ya kamati ya mazishi, sebule imejaa viti vya kuazima, mtu wa kuchapisha kijitabu cha programu aliuliza, "Na picha ya mzee iko wapi?" Watu wote walinigeukia. Nani mwingine wangemgeukia?

Nilitafuta kwenye kadi ya kamera. Nilitafuta kwenye kompyuta. Picha zilikuwa maelfu, na uso wa baba haukuwemo hata kwenye moja. Kila Jumamosi kwa miaka yote ile nilikuwa nimemwambia arudi nyuma kidogo, atoke kwenye picha. Mwishowe walichukua picha ya kwenye kitambulisho chake, wakaikuza mpaka ikajaa jalada. Unazijua picha za kitambulisho. Mtu huonekana kana kwamba ameulizwa alikuwa wapi usiku wa wizi. Programu zilipoletwa, mama alishika moja, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Huyu ni nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini baada ya mazishi niliifunga kamera ndani ya ile sweta, nikaisukuma chini ya kitanda.

Basi sasa ilikuwa mapajani mwangu tena. Niliibonyeza. Ilikuwa imekufa kabisa, na kifuniko cha betri kimevimba kama andazi. Na jambo la kwanza nililowaza halikuwa maua wala maharusi. Niliwaza kwamba mama ana miaka themanini na miwili, na kwamba hata yeye sina picha yake. Ninazo za harusi na za kanisa, yeye akiwa mstari wa tatu, nusu ya uso nyuma ya kofia ya mwenzake. Uso wake hasa, akiwa yeye, sina. Nilijiambia sitarudia kosa lile lile mara mbili.

Kesho yake nilikwenda mjini. Kuna mzee mmoja wa familia ya Kihindi anayetengeneza kamera na saa kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani, upande wa Biashara Street. Ngazi zake ni nyembamba, na dirisha lake moja tu lina mwanga wa kutosha kutengeneza saa ya sisimizi. Aliifungua kamera yangu, akanitazama juu ya miwani.

"Nani aliacha betri ndani?"

"Mimi, mzee."

"Miaka ngapi?"

"Tisa."

"Mama! Hata mtu, ukimfungia ndani miaka tisa, si atavimba?"

Aliitoa kwa koleo ndogo, akapekua droo tatu, akapata betri nyingine. Kisha akamulika lenzi kwa tochi. "Hii kamera iko mzuri. Lakini hapa kwa lenzi iko kuvu kidogo, kwa pembe. Nitasafisha, yote haitatoka. Picha itakuwa laini kidogo."

"Ni mbaya sana?"

"Piga watu wa umri yetu. Watakushukuru."

Kioo cha nyuma kilipowaka, picha za mwisho zilikuwa bado kwenye kadi. Niliona jakaranda moja, niliona ncha ya mwavuli mweupe, nikazima haraka. Mzee aliona. Alinifungia kamera kwa kitambaa, akanionya betri ikae nje nikimaliza kazi.

Nilitoka pale nikiwa kama mtoto aliyepewa ruhusa ya kucheza. Nilipanda kwa miguu hadi Upper Hill, kwenye ile barabara niliyoipita miaka yote nikikimbilia kazini, na ndipo nikagundua sikuwahi kuitazama. Asubuhi, majengo marefu ya vioo hurushiana jua. Upande wa barabara ambao ungepaswa kuwa na kivuli hupata mwanga wa pili, mpole, wenye madoa kama ya maji. Wauguzi waliokuwa wakitoka zamu walipita ndani ya mwanga huo, na kila mmoja kwa hatua mbili tatu alionekana kama bibi harusi. Nilipiga picha moja, mbili, na ya tatu askari wa lango akanijia.

"Mathe," akaniita, kama vijana wa mjini wanavyomwita mama, "hapa hakuna kupiga picha."

"Na yule pale si anapiga?"

"Yule ako na simu."

"Na hii yangu?"

"Hiyo ni kamera."

"Si zote zinapiga picha?"

"Mathe, usiniletee hesabu. Simu ni simu. Mkubwa akiona hiyo mdomo ya kamera, mimi ndio naenda nyumbani."

"Basi niache jengo, nikupige wewe."

Alitazama kushoto, akatazama kulia, akanyoosha kofia. "Haraka. Na uniweke huku kwa jua, nisitoke mweusi sana." Nilimweka kando, chini ya ukuta mweupe, nikamweleza kwa nini pale ni pazuri kuliko juani. Alipojiona kwenye kioo alijisogeza karibu zaidi. "Kumbe niko hivi?" akasema. Nilimtumia picha kwa simu siku hiyo hiyo, na mpaka leo nikipita hunipigia saluti.

Nakueleza haya ili ujue kwamba mkono ulikuwa umerudi. Kwa hiyo Jumapili, nilipokwenda Kangemi kwa mama, sikuwa na shaka. Mama bado anaishi kwenye ploti yetu, mlango wa kwanza ukiingia, na vyumba vya wapangaji vimejipanga nyuma yake hadi ukutani. Nilimkuta kwenye kiti chake cha plastiki karibu na lango, akichagua maharagwe kwenye sinia. Mpangaji mmoja, mama wa watoto watatu ambaye husema kila anachowaza, alikuwa akifua pale uani.

"Mami," nikasema, "niangalie kidogo."

"Ya nini?"

"Nikupige picha."

Aliweka sinia chini. "Daktari amekuambia nini?"

"Daktari yupi?"

"Wa presha. Ameongea na wewe?"

"Hajaniambia chochote, Mami. Nataka tu picha yako nzuri."

"Ahaa. Nzuri ya kuweka kwa programu."

Yule mpangaji, ambaye humwita mama Shosh, yaani bibi, alicheka mpaka akaangusha sabuni. "Shosh, umeanza kupimwa jeneza!"

Kama hukulelewa upande huu, nikueleze. Kwetu mazishi hayaendi bila programu, kijitabu cha karatasi ya kung'aa chenye wasifu, nyimbo na majina ya wajukuu. Kwenye jalada kuna picha moja kubwa. Watu huzihifadhi programu hizo ndani ya Biblia, kwa hiyo picha hiyo ndiyo sura ambayo kijiji kizima kitakukumbuka nayo. Siku hizi watoto waliojipanga huanza kuitafuta mapema. Ndiyo maana akina mama wa chama cha mama kanisani wameshajua: ukiona mtoto wako anakuja na kamera, anakwambia uvae ile nguo ya bluu, ukae wima, basi anakuaga kabla hujatoka.

Na ubaya ni kwamba hakuwa amekosea. Kwa kweli nilikuwa nafikiria jalada.

"Mimi bado niko," mama akasema, akachukua sinia yake. "Nenda ukapige maua."

Nilijaribu kwa ujanja. Nilipoinua kamera, alifumba macho. Niliposubiri afumbue, alitoa ulimi wakati ule ule nabonyeza. Nilipomkuta jikoni, alijifunika uso kwa kifuniko cha sufuria. "Hii sasa weka kwa programu!" akapaza sauti kutoka nyuma ya kifuniko. "Andika, hapa amelala sufuria!" Jumapili iliyofuata alivaa kofia ya marehemu mumewe mpaka puani. Iliyofuata tena alinigeuzia mgongo, akaketi hivyo akinisimulia habari za kanisa kana kwamba hakuna kitu. Wapangaji walianza kuzitamani Jumapili. Yule wa kufua alikuwa akiniuliza langoni, "Leo amekushinda ngapi?"

Nilikuwa nacheka, lakini kila nikirudi Satellite nilihesabu miaka. Themanini na miwili ni mingi. Ndipo nikafanya jambo ambalo sijivunii.

Jumapili ya nne nilifika mapema, kabla hajajua. Dirisha lake la mbele lina pazia jepesi, na lilikuwa wazi kidogo. Nilimwona ndani amekaa ukingoni mwa kitanda, nywele hazijafunikwa, akijipaka mafuta miguuni, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Mwanga ulimpata upande mmoja. Ilikuwa picha ambayo mtu huisubiri maisha yake yote. Niliinua kamera, nikabonyeza.

Kamera ya simu unaweza kuizima sauti. Yangu hulia *klak*, kama mtu aliyevunja kijiti. Mama aligeuka. Hakutoa ulimi. Alivuta leso akafunika kichwa, akaja dirishani, akafunga kioo, kisha pazia. Nilibisha mlango.

"Enda nyumbani," akasema kutoka ndani. "Ukija na hiyo kitu tena, usiingie kwa lango yangu."

Niliifuta ile picha palepale, nimesimama uani. Sikuitazama hata mara moja. Mpangaji wa kufua aliniona nikitoka, akainamia ndoo yake.

Mama hakupokea simu zangu wiki nzima. Nami nilikaa Satellite nikijieleza mwenyewe, na nikijieleza mwenyewe huwa sina mahali pa kujificha. Nilijiuliza: nilitaka picha ya mama, au nilitaka kuepuka kugeukiwa tena na watu wote siku ya kamati? Jibu nililijua. Nilikuwa namtumia mama kulipa kosa nililomfanyia baba.

Sikujua la kumwambia. Nikaona nisimpelekee kamera bali picha, za zamani, zile alizozikosa akiwa sokoni. Nilikwenda mjini kwenye duka la kuosha picha, nikampa msichana wa kaunta kadi yangu ya zamani, nikamwambia achapishe arobaini za kwanza kwenye karatasi. Alizipitisha kwenye skrini haraka, kisha akasimama.

"Mama, hii iko na kivuli ya mtu hapa chini. Nikate?"

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. "Achana nayo," nikasema. "Toa tu jinsi zilivyo."

"Ziko nyingi za hivyo. Sitaki uniambie nimeharibu."

"Sitakwambia."

Jumapili nilifika Kangemi mikono mitupu, bahasha tu. Nilisimama nje ya lango mpaka akaniona.

"Hiyo kitu iko wapi?" akauliza.

"Nimeiacha nyumbani."

"Fungua mkoba."

Niliufungua. Alichungulia mpaka chini kama askari wa benki, akasogea kunipisha. Nilimpa bahasha, nikaketi kwenye kizingiti. Nilitaka kuomba msamaha, nikaanza, "Mami, ile siku ya dirisha..." lakini alikuwa ameshatoa picha ya kwanza, akainua kiganja ninyamaze.

Alitazama jakaranda. Alitazama bibi harusi. Alishusha miwani hadi nchani mwa pua, akaisogeza picha mbali, akaileta karibu.

"Huyu si yeye?"

"Nani?"

"Baba yako."

Nilisogea. Palikuwa na bibi harusi, gauni limetandazwa kwenye nyasi, na kwenye nyasi hizo, mbele ya gauni, kulikuwa na kivuli kirefu cha alasiri. Kivuli cha mtu ameinua mkono, mwavuli juu, na kofia ya ukingo uliopinda upande mmoja.

"Angalia vile amepumzisha huo mguu," mama akasema. "Alikuwa anasimama hivyo hata kanisani."

Ile jioni ya kamati nilikuwa nimepita juu ya picha hizi zote. Nilikuwa natafuta uso. Vivuli niliviona kama makosa yangu ya upigaji, nikaviruka.

Tulizimwaga zote arobaini kwenye sinia ya maharagwe. Tukawa tunamtafuta kama watoto wanaookota mapera. Kwenye moja alikuwa mkono tu, vidole vinene vya fundi wa mawe vimekamata mpini. Kwenye nyingine alikuwa mdogo sana, ndani ya kioo cha gari la harusi, mzima mzima, akicheka. Tulimpata mara kumi na moja. Yule mpangaji aliacha ndoo zake akaja kusaidia, na ni yeye aliyempata mara ya kumi na moja, ncha ya kiatu pembeni.

"Shosh, huyu mzee wako alikuwa mwizi," akasema. "Amejificha kwa picha zote!"

Mama alicheka. Wewe hujamsikia mama yangu akicheka. Huanza bila sauti, mabega yakitikisika, halafu sauti inafika baadaye kama mgeni aliyepotea njia. Alijifuta macho kwa leso.

"Wewe msichana," akaniambia, nami nakaribia miaka sitini. "Mimi sikukataa picha."

"Ulikataa, Mami. Jumapili nne."

"Nilikataa ile ya kukaa kama nimeshikwa na polisi. Niliona vile walimfanya baba yako. Miaka hamsini nimelala na yule mtu, na siku ya mwisho wananipatia mtu simjui." Aliinua ile picha ya kioo cha gari. "Ungeniweka hivi, ningekataa?"

Kisha akauliza, akitazama pembeni kama anayeuliza bei, "Hiyo kitu, umeiacha kwa nyumba kabisa kabisa?"

Nilikuja nayo Jumapili iliyofuata. Sikumwambia avae nini. Nilihamisha kiti chake hatua mbili tu, kutoka uani hadi ndani ya mlango, ambako jua halifiki lakini mwanga wote wa uani huingia. Nilimpa bahasha ashike. Nikamwuliza, "Mlikutana wapi na baba, hasa?" na nikaketi chini sakafuni, kamera gotini, nikasikiliza. Ni hadithi ndefu, ina mbuzi aliyepotea na shemeji mwongo. Alisahau kamera kabla mbuzi hajapatikana. Ilipolia *klak* hakugeuka hata. Mabega yalikuwa yameanza kutikisika.

Hiyo ndiyo picha. Ni laini kidogo pembeni, kwa sababu ya ile kuvu, na mkono wake mmoja haukutulia. Iko ukutani kwake sasa, kwenye fremu, mahali ambapo kila mpangaji anayekuja kulipa kodi huiona. Kando yake aliniagiza nitundike ile ya ulimi, na ile ya kifuniko cha sufuria. "Siku ikifika mtachagua hapo," huwaambia wageni. "Na kama ni haraka, chukueni ya ulimi."

Siku ile, nilipokuwa nafunga lenzi, alininyooshea mkono. "Lete hiyo kitu. Na wewe nani anakupiga?"

"Mimi niko sawa, Mami."

"Hata baba yako alikuwa anasema yuko sawa. Simama hapo."

Nilimwonyesha kitufe. Nilisimama mlangoni nisijue mikono niiweke wapi, nikagundua jinsi ilivyo kazi ngumu kutazamwa na mtu anayekupenda. "Rudi nyuma kidogo," akasema, kisha akasita, akabadili mawazo. "Hapana. Kuja karibu." Picha hiyo ninayo mezani. Nusu ya kichwa changu haimo, na gumba la mama limeziba pembe ya juu. Ni picha bora kuliko zote nilizo nazo.

Basi fanya hivi, na ni rahisi, simu yako itatosha. Asubuhi, mweke umpendaye kwenye kiti ndani ya mlango ulio wazi, uso wake uelekee nje, na uzime taa ya kamera ya simu. Mwulize swali lenye jibu refu. Akifika katikati ya jibu, bonyeza. Kisha mpe yeye simu, simama mlangoni, naye akupige wewe. Zioshe zote mbili kwenye karatasi, na kivuli chochote utakachokiona ndani yake, usikikate.